Alivyopata Jina la Bandama

Wiki iliyopita tulimzika mzee mmoja hapa Ruiru, na kusema kweli sikumlilia. Wasomaji wangu wa siku zote mnanijua kuwa mtu wa machozi ya karibu. Nimewalilia hapa makarani, wapiga chapa na hata paka wa jirani. Lakini huyu sikumlilia. Redio ilitangaza kifo chake kabla ya taarifa ya habari ya mchana, kwa jina lake la ubatizo na jina la babake, kisha mtangazaji akaongeza kwamba marehemu alijulikana na wengi kama Mzee Bandama. Nilikuwa nikinyoa ndevu. Niliweka wembe kando nikamwambia mke wangu, "Amekufa." Hakuuliza ni nani. Aliuliza tu kama yule mama wa samaki ameshaambiwa.

Vijana wa mji huu wamekua wakilisikia jina hilo bila kujua limetoka wapi. Kuna nyumba za kupangisha ambazo hata leo ukitaka kuelekezwa utaambiwa "kwa Bandama". Kijana mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba maana yake ni mtu mkubwa, mtu wa kuheshimiwa. Mwingine alidhani ni jina la rika. Waliowahi kumchinja mbuzi na kumpasua wanajua kwamba bandama ni kile kipande laini cha rangi ya damu nzito kinacholala upande wa kushoto, chini ya mbavu, karibu na tumbo la chakula. Mtu haitwi hivyo kwa heshima. Mimi nilikuwapo jina hilo lilipozaliwa, na nimelihifadhi miaka mingi kuliko nilivyohifadhi kitu kingine chochote. Najua desturi inasema marehemu hasemwi vibaya. Nimeitii desturi hiyo kwa wafu wengi ambao hawakuistahili. Leo naomba ruhusa ya kuivunja, na nisipopewa nitaandika vivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari. Watu wetu wengi walikuwa wamefungiwa kambini au wamesongwa katika vijiji vya kuchungwa, kwa hiyo mashamba makubwa ya huku Thika yalijaza pengo kwa kuwaleta wafanyakazi kutoka magharibi, upande wa ziwani. Marehemu alikuwa nyapara katika shamba moja la mkonge ng'ambo ya Gatuanyaga, mahali ambapo nchi inateremka kuelekea Ngoliba na kuwa kavu, isipokuwa karibu na mto, ambako mbu hawakauki. Alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Wanyapara wakali walikuwa wengi enzi zile, na wengi wao walikuwa wakali kwa kuogopa bwana wao. Huyu alikuwa na lake. Wakataji walisimulia kwamba akimkuta mtu amechelewa humwamuru asimame na mzigo wa majani ya mkonge kichwani, miiba ikimchoma shingo, mpaka yeye nyapara amalize kunywa chai yake. Na alikuwa akiinywa polepole, akipuliza, huku ameketi mahali ambapo yule mtu angemwona. Nimekutana na watu wabaya katika maisha yangu. Wachache niliwaona wakipuliza chai.

Mmoja wa wakataji hao alikuwa mtu mpole aliyekuja na mke wake kijana na mtoto wa kike anayenyonya. Homa ya malaria ilimshika mara tu alipofika, ikamwachilia, ikamrudia, hivyo hivyo kwa muda mrefu. Mke wake aliniambia baadaye kwamba upande wa kushoto wa tumbo lake ulikuwa umetuna, na ukiweka kiganja hapo ulihisi kitu kigumu kama kiazi kikubwa kimelala chini ya mbavu. Walikuwa wakifanyiana mzaha katika chumba chao cha laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba: mke alimwambia ana mimba ya upande mmoja, na mume akajibu kwamba basi amtafutie jina. Sikuwahi kumwona mtu huyo akiwa hai. Namjua kwa mzaha huo, na unanitosha kujua kwamba palikuwa na nyumba yenye furaha pale, ingawa ilikuwa chumba kimoja chenye moshi.

Siku yenyewe aliamka akitetemeka. Alikwenda shambani kwa sababu aliyelala laini bila ruhusa alifukuzwa. Kabla ya jua kuwa kali akamwendea nyapara na kumwomba alale kidogo kivulini, karibu na banda la kupimia mizigo, kisha amalizie kazi yake jioni. Waliokuwa karibu walisema nyapara hakujibu. Yule mtu akadhani kunyamaza ni kukubali, akaenda akalala. Nyapara akamaliza mstari wake wa ukaguzi, akarudi, akamkuta amejikunja ubavu, akampiga teke moja kwa buti lake, chini ya mbavu, upande wa kushoto. Aliyeshuhudia alisema halikuwa teke la hasira. Lilikuwa kama la mtu anayesukuma gunia ili apite. Yule mtu akainuka, akaomba radhi, akachukua panga lake. Alikata majani kwa muda mfupi tu. Kisha akakaa chini, akashika bega lake la kushoto, akasema bega linamuuma mno.

Nyapara alicheka, akawaita wengine waje waone. "Ameguswa ubavu, analilia bega," akasema. "Hata kudanganya hajui." Maneno hayo yalirudiwa na mashahidi watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo nayaandika bila wasiwasi. Walipomruhusu mke wake afike, mume alikuwa ameketi amegeuka rangi ya majivu, midomo mikavu, akiomba maji na kulalamika baridi katikati ya joto la Ngoliba. Tumbo lilikuwa limejaa. Trekta lililokuwa likipeleka mkonge lilikubali kumbeba juu ya majani hadi hospitali ya Thika. Mke alikaa naye huko nyuma, kichwa chake mapajani. Alimwuliza bado panauma wapi, naye akajibu bega, bega tu. Alikata roho kabla hawajaliona daraja. Dereva hakujua, na mke hakumwambia. Aliogopa kwamba akiambiwa atawateremsha.

Mimi niliingia katika habari hii kwa sababu nilikuwa mkalimani. Nilikuwa nimesoma kidogo, nina pasi ya kunipitisha vizuizini, na nilitafsiri Kiingereza kwa Kiswahili na Kiswahili kwa Kiingereza mbele ya hakimu mmoja Mzungu ambaye alikuja na kwenda. Kesi ilisikilizwa katika ukumbi wenye paa la bati. Shamba lilikuwa limemwekea nyapara wakili. Mjane aliketi benchi la mbele, mtoto mgongoni, na kwa kuwa hakujua Kiingereza, kila kilichosemwa kilimfikia kupitia kinywa changu. Shahidi wa mwisho alikuwa daktari aliyeupasua mwili. Alikuwa mtu wa haki, nadhani, na alipenda kazi yake. Alipoulizwa mtu huyu amekufa kwa nini, alianza mbali. Hakimu akaniambia si lazima nimtafsirie mjane yote, nifupishe tu. Mjane akanishika mkono wa koti akasema, "Usifupishe."

Kwa hiyo sikufupisha. Daktari alisema damu imejaa chembe nyekundu, nyingi kupita kuhesabu, na kila chembe huishi miezi minne hivi kisha huzeeka. Chembe changa ni nyororo, hujikunja ikapita popote. Iliyozeeka huwa ngumu. Mwili una namna ya kuzitambua: damu hupitishwa ndani ya bandama, ambamo mna vipenyo vyembamba kuliko chembe zenyewe, na zile changa hujibana zikapenya, zile kuukuu hunasa. Hapo hukutana na chembe nyingine, kubwa, ambazo kazi yake ni kumeza. Humezwa kimya kimya. Chuma kilichokuwamo hakitupwi. Hurudishwa ndani ya mifupa, ambako chembe mpya hutengenezwa, na kinachosalia hugeuka kuwa rangi ya manjano na kutoka na nyongo. Jambo hili, alisema, linafanyika sasa hivi katika mwili wa kila aliyemo humu ndani. Nilipotafsiri hilo nilimwona askari wa mlangoni akijigusa ubavu.

Kisha akaja kwenye malaria. Vijidudu vya homa huingia ndani ya chembe nyekundu, hata zile changa, vikaziharibu kabla ya wakati wake. Bandama likaletewa kazi isiyo na mwisho. Likavimba, likashuka chini ya mbavu zilizokuwa zikililinda, ngozi yake ikanyooka ikawa nyembamba kama ya nyanya iliyoiva mno. Bandama la mtu huyu, alisema, lilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko la kawaida, na lilikuwa limepasuka. Damu ilimwagikia tumboni. Akaeleza pia habari ya bega: damu ikimwagika chini ya kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, hukisumbua, na mshipa wa fahamu wa hapo unatokea shingoni, kwa hiyo mtu husikia maumivu begani ingawa jeraha liko chini. Ni dalili inayofahamika. Nikamtafsiria mjane neno kwa neno kwamba mume wake hakuwa akidanganya. Alifunga macho kidogo. Sidhani kwamba alikuwa amewahi kumshuku, lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye cheo kulisema.

Wakili akasimama, akayachukua maneno hayo mazuri akayageuza. Je, bandama lenye afya lingepasuka kwa teke kama lile? Daktari akasema pengine lisingepasuka. Je, mteja wake angeweza kujua kilichokuwa ndani ya tumbo la mfanyakazi wake? Daktari akasema hangeweza. Je, si kweli basi kwamba bandama hilo lilikuwa bovu tayari, na kwamba mtu huyu alikuwa akitembea na kifo chake mwenyewe? Wakili aliketi ametosheka, na nyapara, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa siku nzima, akakiinua. Nimeishi na picha hiyo. Kuna watu wanaopona mbele yako, unaona kabisa uhai ukiwarudia usoni, na unatamani wasingepona.

Mjane akaniambia anataka kumwuliza daktari swali. Hakimu hakupendezwa, lakini akaruhusu. "Muulize," akasema mjane, "kama hakupigwa teke, angekufa siku ile?"

Nikauliza. Daktari alimtazama yeye, hakunitazama mimi. "La," akasema.

"Basi," akasema mjane, akaketi.

Hakimu aliandika jambo. Hatimaye nyapara hakuhukumiwa kwa kuua. Ilisemwa alimshambulia mtu ambaye, kwa bahati mbaya, alikuwa na ugonjwa, na akapewa kifungo kifupi kuliko alichopewa wiki hiyo hiyo kijana mmoja aliyekamatwa njiani bila pasi. Najua kwa sababu nilimtafsiria pia huyo kijana. Niliposoma hukumu kwa Kiswahili, mjane aliniuliza mara moja tu kama nimekosea. Nilimwambia sijakosea.

Shemeji yake alisafiri kutoka magharibi kuja kumchukua, maana huko kwao palikuwa na mipango ya kumrithi. Alikataa. Nyapara alipotoka jela, shamba la mkonge halikumtaka tena karibu na laini, likamtafutia kazi katika shamba la kahawa hapa Ruiru, na mjane aliposikia alikuja Ruiru pia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimehamia huku, nimeacha ukalimani na kuanza kuandika. Siku moja nikamkuta njiani kati ya stesheni na kanisa, ametandaza gunia, anauza samaki wakavu waliokuja kwa gari moshi. Tukasalimiana. Nikamwuliza kwa nini mahali hapa, ambapo wateja si wengi kama sokoni. Akanijibu kwamba yule mtu amejiunga na kanisa, na hii ndiyo njia yake.

Jumapili iliyofuata nilikuwapo. Nyapara alipita na mke wake, amevaa tai. Mjane akainuka kutoka kwenye gunia lake, akakunja mikono mbele kama mwanamke mwenye adabu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Habari ya asubuhi, mzee. Bandama lako halijambo?" Yeye akasimama. Niliona rangi ikimtoka. Mke wake, ambaye alimwoa baada ya jela na hakujua kitu, akajibu kwa heshima kwamba wote hawajambo, na kumwuliza na yeye mama hajambo. Wakaendelea na safari. Jumapili ya pili akamsalimu vilevile. Na ya tatu. Hakuongeza tusi, hakupaza sauti, hakumfuata hatua hata moja. Alimwuliza tu habari ya bandama lake, kisha akarudi kwenye samaki.

Nyapara alijaribu kupita njia ya nyuma, kando ya reli. Mjane akahamisha gunia. Alijaribu kwenda ibada ya mapema, na mjane, ambaye alizoea kuamka mapema kuliko yeye, alikuwa ameshafika. Akaenda kumshtaki kwa chifu kwamba kuna mwanamke anamtukana hadharani. Chifu wa enzi zile hakuwa mtu wa mchezo. Mtu aliweza kupotea kwa neno lake. Akamwuliza tusi lenyewe ni lipi. Ikabidi aseme. Chifu akafikiri, akamwambia mtu akikuuliza habari ya kiungo chako, mjibu kwamba hakijambo, mambo yaishe. Waliokuwa barazani wakacheka, na jioni hiyo neno lilikuwa limefika stesheni. Wapakia mizigo ndio waliomwita Bandama kwanza. Kisha wanawake wa soko, kisha watoto, na watoto wakikua na jina hawaliachi. Alipopanda cheo na kununua ploti, alipanda nalo. Alipofanywa mzee wa kanisa, likapata "Mzee" mbele yake na kuanza kusikika kama heshima.

Wengine mtasema mjane alikuwa na roho ngumu. Nitawaambia jambo lililotokea wakati huo, kabla miaka ya hamsini haijaisha. Wazee watatu wa kanisa walimwendea, wakakaa kwenye vibao, wakamsomea maneno ya kusamehe saba mara sabini. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza wametumwa na yeye au wamejileta. Wakasema ametuma, anataka jambo hili liishe. Mjane akasema hana neno. Na aje mwenyewe, asimame hapa mbele ya samaki, aseme kwa kinywa chake, "Nilimpiga mume wako teke akiwa mgonjwa, akafa," naye atamsamehe papo hapo na kumfungia samaki wa kwenda naye nyumbani. Wazee wakaona ni rahisi. Wakampelekea habari. Hakuja. Hakuja mwaka huo wala mingine yote. Alikuwa tayari kutoa mbuzi, alikuwa tayari kuombewa, alikuwa tayari kupatanishwa mbele ya madhabahu kwa maneno ya jumla kuhusu makosa ya ujana. Sentensi ile moja ndiyo iliyomshinda, mtu mwenye sauti nzuri vile.

Na mimi alinijia mara moja. Tulikutana kwa kinyozi, tukawekwa viti jirani, na palikuwa na watu wengine wakingoja zamu. Nadhani jina lilikuwa limemchosha. Akageuka kwangu kwa uchangamfu.

"Wewe ulikuwa mkalimani siku zile," akasema. "Hebu waeleze hawa daktari alisema nini kuhusu bandama la yule mtu."

"Nikieleza nitaeleza yote," nikamwambia. "Pamoja na swali la mjane na jibu alilopewa."

Akajitazama kwenye kioo. "Basi acha," akasema.

Nikaacha. Msema pweke hakosi, na yeye alitaka kusema pweke; nilimnyima hilo, lakini sikumharibia siku pia. Nilifikiri nitangoja. Nimengoja vizuri. Ningependa kuwaambia kwamba malaria ilimpata, au kwamba bandama lake mwenyewe lilivimba likamfundisha. Hadithi huwa hivyo, maisha si hivyo. Alikufa uzeeni, kitandani kwake, shuka safi, wajukuu wakimshika mikono. Daktari yule alitueleza kwamba mwili hauruhusu kilichokwisha kazi kuendelea kuzunguka na kudai nafasi. Sisi huku nje tuliruhusu. Tulimpa kiti cha mbele. Tulimpa vipaza sauti katika harusi za watoto wetu awaase vijana kuhusu bidii ya kazi. Wakubwa wa sasa wanaofanya kazi viwandani hapa, wanaowafungia watu milango na kuwakataza kwenda kuugua kwao, hawakuzaliwa wakijua. Walilelewa na wazee tuliowaheshimu, na sisi tuliokuwa tukijua tulikuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Sasa mazishi. Hema lilikuwa kubwa, watu wengi. Mjukuu mmoja alisema guka, yaani babu yake, alikuwa mtu poa, mcheshi, hakuwahi kumwinulia mkono, na sina shaka alisema kweli. Mwongoza shughuli, kijana mchangamfu, akauliza kama yupo rafiki wa zamani atakayesema neno. Mtu akamnong'oneza kwamba yule mama wa samaki amekuwa akimsalimu mzee kila Jumapili tangu wao hawajazaliwa. Kijana akafurahi. Akamwendea pale nyuma, alipokuwa ameketi peke yake na kitambaa chake cha kichwa, mzee sasa, mgongo umepinda kidogo, akamsaidia kuinuka na kumpa kipaza sauti. Nilimwona mchungaji akitaka kusema kitu. Alichelewa.

"Mimi si rafiki yake," akasema. Hakupaza sauti, chombo kilimpazia. "Mume wangu alikuwa mgonjwa wa homa. Huyu alimpiga teke amelala, akafa siku ile ile, kichwa chake kikiwa hapa kwangu. Nilimngoja aseme. Hakusema. Basi nimesema mimi."

Akamrudishia kijana kipaza sauti kwa mikono miwili, kama inavyopasa, akaketi. Mchungaji akaanzisha wimbo, na watu wakaimba nusunusu, wengine wakitafuta kurasa ambazo walizijua kwa moyo. Mjane wa marehemu hakuimba. Alikuwa amemgeukia yule mama, akimtazama, na nafikiri alikuwa akizikumbuka salamu zote alizozijibu kwa niaba ya mumewe.

Nilipokuwa nikitoka, binti mkubwa wa marehemu, mwalimu, mwanamke ninayemheshimu, alinifuata nyuma ya hema. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, nilikuwapo. Akauliza kwa nini hatukuwaambia wao watoto. Nikamwambia baba yenu aliulizwa mbele yenu kila Jumapili, na kila Jumapili angeweza kujibu. Hakunikasirikia. Alisema ataenda kukaa na mamake, akaondoka, na mimi nikaenda zangu.

Nimekwisha kusikia kwamba yule mama amelaumiwa kwa kuvuruga msiba, na kwamba nitalaumiwa kwa kuandika haya. Sawa. Ila neno moja niwaachie ninyi mnaowasimamia wengine, mwenye kiboko, mwenye funguo za lango na mwenye kalamu ya kumwachisha mtu kazi. Hujui mwili ulio mbele yako umebeba nini, na hutapunguziwa kosa kwa kutojua. Anayempiga mtu humpiga pamoja na homa yake, njaa yake na uzee wake. Udhaifu aliomkuta nao hauwi shahidi wa kumtetea. Ukikosa, nenda mapema, wakati una kinywa, ukaseme kwa maneno kamili ulichofanya na uliyemfanyia. Usitume wazee. Najua mahali hapa ndipo mwandishi humwombea marehemu mahali pema, na wako wengi wema kuliko mimi watakaomwombea. Mimi nimemaliza kutafsiri.